Maziwa ya kopo: sheria imemnyamazisha nani?

"Namba ngapi, mamangu?"

Muuzaji wa duka la dawa aliuliza hata salamu hazijakwisha. Niliyemsindikiza ni jirani yangu wa Mikindani, Mombasa, mshonaji katika kiwanda cha nguo, aliyekuwa amemaliza likizo ya uzazi siku mbili kabla. Hakujua kwamba maziwa yana namba. Akajibu tu kwamba mtoto ana miezi mitatu. Likashushwa kopo la gramu 400, namba moja, yaani la walio chini ya miezi sita, bei imepita shilingi elfu. Akauliza mambo mawili: yachanganywe vipi, na kama maji ya kisima yanafaa. Muuzaji akaligeuza kopo, akagusa maandishi kwa ukucha: "Yote yako hapo nyuma."

Wiki hiyohiyo alikuwa amemwuliza muuguzi wa kliniki swali hilohilo. Jibu alilopewa, kwa alivyonisimulia: "Hapa hatuzungumzi habari za kopo. Wewe nyonyesha."

Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike. Kenya ina sheria ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, kama haya ya kopo, tangu 2012, na kanuni zake zilitoka 2021. Kila inapotajwa, mjadala hugeuka ligi ya timu mbili: wanaotaka matangazo yapigwe marufuku kabisa, na wanaosema mama ni mtu mzima, aachwe achague. Mimi naona hapo kuna mambo mawili yaliyofungwa furushi moja. Kumshawishi mama ni jambo moja, kumfundisha ni jingine. Sheria ililenga kuzuia la kwanza. Mtaani limekufa la pili, na la kwanza limehamia kwenye simu.

Tuanze na wanaotaka marufuku, maana hawakuzuka jana. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary mjini Singapore akasema kwamba vifo vya watoto vinavyoletwa na propaganda ya ulishaji usiofaa vihesabiwe kuwa mauaji. Alikuwa amewaona wachanga wakilishwa maziwa mazito ya sukari. Miaka ya sabini shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu juu ya biashara hiyo katika nchi maskini, na mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kuigomea Nestlé, kampuni ya Uswisi inayotengeneza maziwa hayo. Kampuni zilikuwa zimepeleka wauzaji wanawake waliovalia sare nyeupe za kiuguzi hadi wodini, mama akidhani anazungumza na mtaalamu kumbe anauziwa. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa bidhaa hizi kwa kura 118. Iliyopinga ilikuwa moja tu, ya Marekani.

Kanuni hizo hazikupiga marufuku kuuza, jambo ambalo watu husahau. Zinakataza kutangaza kwa umma, kugawa sampuli kwa akina mama, kuwapa zawadi, na kuweka picha ya mtoto mnene anayecheka kwenye kopo la maziwa ya mchanga. Sampuli ndiyo yenye ujanja mkubwa zaidi. Ziwa la mama hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Mpe mchanga chupa ya bure siku zake za kwanza, naye atanyonya kidogo. Akinyonya kidogo, ziwa litapunguza. Sampuli ikiisha, mama ataona maziwa hayatoki ya kutosha, na hapo hana la kufanya ila kwenda kununua. Hakuna tangazo la sabuni linaloweza kumfanya mteja apoteze uwezo wa kuoga kwa maji matupu. Hili linaweza, na ndiyo sababu nasema hoja ya "mbona bidhaa nyingine zinatangazwa" ni nyepesi.

Halafu kuna maji. Ukikaa Mombasa hili halihitaji profesa. Mifereji hukaa siku bila tone, mkokoteni wa mitungi ndio unaotuokoa, na visima vingi vya kisiwani na pembezoni mwake vina chumvi, tena vimechimbwa jirani na vyoo. Unga wa maziwa wenyewe, hata kopo likiwa halijafunguliwa, si safi kabisa dhidi ya vijidudu. Kuna kimoja kiitwacho Cronobacter kinachowapata wachanga wadogo vibaya sana, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kuchanganyia yawe na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Chumvi nayo haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana ndiyo kwanza inazidi, na figo za mchanga hazina nguvu ya kuitoa.

Botswana walilipa gharama ya somo hili. Serikali ilikuwa ikiwapa bure maziwa ya kopo akina mama wenye virusi vya Ukimwi, kwa nia njema kabisa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 2006 zikachafua maji, kuhara kukalipuka, na watoto kwa mamia wakafa, wengi wao waliokuwa hawanyonyi. Leo ushauri wa Kenya kwa mama mwenye virusi ni atumie dawa zake barabara na anyonyeshe.

Mpaka hapo upande wa marufuku unaonekana umeshinda. Lakini hebu sogea upande wa pili, na wala simaanishi kampuni kwanza. Namaanisha jirani yangu.

Wataalamu wanamtaka mama ampe mtoto maziwa yake pekee miezi sita. Sheria ya ajira ya 2007 inampa likizo ya miezi mitatu. Mitatu iliyobaki nani aijaze? Sheria ya afya ya 2017 ilijaribu: mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na mama apewe muda usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, nje ya muda wa chakula. Kwenye karatasi ni maneno mazuri. Kwa mshonaji anayelipwa kwa idadi ya vipande, nusu saa ya kukamua ni mishono ambayo mwenzake wa mashine ya pili ataishona. Kisha hayo maziwa aliyokamua atayaweka wapi, kwenye joto la Changamwe mwezi wa Februari, mpaka afike nyumbani jioni? Ukimwambia mwanamke huyo "nyonyesha" ukaishia hapo, umemtupia mzigo wa serikali na wa mwajiri wake, kisha ukamwachia na aibu juu yake.

Takwimu za kitaifa za afya ya jamii zinasema kitu hapa. Watoto chini ya miezi sita walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa 2008 na 2009. Mwaka 2014 wakafika 61. Mwaka 2022 wakawa 60. Mtetezi wa sheria atakuonyesha ule mruko wa kwanza, ila sheria ilikuwa ya miaka miwili tu na kanuni zake zilikuwa bado miaka saba, kwa hiyo sifa nyingi ziende kwa wahudumu wa jamii na kliniki waliohimiza kunyonyesha. Mpinzani atakuonyesha palipokwama. Mimi naangalia hapo palipokwama, nikidhani kwamba wengi waliokuwa wakingoja kuhimizwa tu walikwisha kuhimizwa, na waliobaki wana sababu ambazo bango halizitatui: kazi, ugonjwa, mapacha, kifo cha mama.

Ipo hoja nyingine ya upande huu ambayo sikuitarajia, nayo imetoka Uingereza. Kule ni marufuku kutangaza maziwa ya wachanga, hata kuyapunguza bei kwa promosheni. Februari 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ilitoa ripoti yake: maziwa yote ya wachanga yanayouzwa nchini humo lazima yatimize viwango vilevile vya lishe, lakini wazazi wengi hushikilia chapa ghali wakidhani ghali ndiyo bora. Familia ingeweza kuokoa pauni 300 hivi kwa mwaka kwa kuhamia chapa ya bei nafuu. Hakuna wa kumwambia mzazi. Muuzaji amefungwa mdomo, mkunga anaogopa kutaja, basi kopo lenye rangi ya dhahabu ndilo linalosema.

Kampuni wakisoma hivyo watapiga makofi: mnaona, turuhusuni tueleze! Hapo ndipo ninapoachana nao. Kwani katika ripoti hiyohiyo kuna jambo lisilowafaa. Uingereza inaruhusu kutangaza maziwa ya watoto waliovuka miezi sita, na kopo la namba mbili hufanana na la namba moja kama pacha. Ukitangaza hili umelitangaza lile. Na hapa kwetu, simama tu mbele ya rafu ya supamaketi yoyote ya Nyali: namba moja, mbili, tatu, rangi ileile, nembo ileile, kama ngazi ambayo mtoto akishapanda ya kwanza hana budi kuimaliza.

Ngazi yenyewe ni ya kubuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya mnyama, na kwamba maziwa ya namba za mbele hayapendekezwi. Ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyochemshwa, ya muuza maziwa wako wa kila siku, pamoja na chakula cha nyumbani. Mwaka 2016 shirika hilo lilikwisha kueleza kwamba maziwa yanayouzwa kwa ajili ya watoto hadi miezi 36 yahesabiwe kuwa ni vibadala vya maziwa ya mama, yasitangazwe. Na mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha kwamba Nestlé huongeza sukari katika Cerelac na maziwa ya Nido ya watoto wadogo yanayouzwa katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, huku bidhaa za watoto za kampuni hiyo zinazouzwa kwao Uswisi hazina. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi. Jibu hilo huenda ni kweli, na hapo ndipo linapoudhi.

Kuhusu simu, nitasema kwa kifupi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilifuatilia machapisho milioni 4 ya mitandaoni kuhusu kulisha watoto, ikaonyesha jinsi kampuni zinavyotumia watu maarufu, vikundi vya akina mama na programu za ushauri kumfikia mjamzito. Mkaguzi wa Mombasa atamkamata nani? Juzi katika kundi moja la WhatsApp la akina mama palipita picha ya makopo "original kutoka Dubai", maandishi yote ya Kiarabu, na chini yake: "Mtoto ananenepa, hukohoi." Hata "hukohoi" kwa nini, sikuelewa. Makopo yalikwisha kabla ya magharibi.

Wazee wetu wana neno lao pia. Surat Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na hiyo hutajwa sana katika mawaidha. Sehemu ya pili ya aya haitajwi sana: wazazi wakiridhiana na kushauriana wanaweza kumwachisha mapema, na wanaweza kumtafutia mtoto mwanamke mwingine wa kumnyonyesha kwa malipo ya wema. Yaani tangu zamani ilijulikana kwamba yapo mazingira ambayo mama hawezi, na mtoto hakuachwa. (Benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019 ingekuja huku, swali la kwanza lingekuwa la udugu wa kunyonya, maana katika Uislamu walionyonya ziwa moja hawaoani: nani atamwoa nani. Ni swali halali na lina haki ya kujibiwa kabla jengo halijapakwa rangi.)

Turudi kwa yule muuguzi. Nina hakika alidhani anatii sheria. Lakini zile Kanuni za 1981 zenyewe zinasema maelezo ya namna ya kutumia maziwa ya kopo yatolewe na wahudumu wa afya, kwa mama au jamaa anayeyahitaji, pamoja na hatari za kuyatumia vibaya. Waliokatazwa kufundisha ni wauzaji. Ukimya wa kliniki basi haukuagizwa na kanuni yoyote ninayoijua. Umetokana na woga, na woga huo unamfaa mwenye kopo kuliko mtu mwingine yeyote.

Nikiulizwa, ningekaza kamba upande mmoja na kuilegeza upande wa pili. Ngazi ya namba ivunjwe: namba tatu isivae nguo za namba moja. Matangazo ya simu yamfuate anayefaidika, hata akiwa na ofisi ng'ambo. Upande wa pili, kila kliniki iwe na karatasi moja isiyo na jina la chapa, kwa Kiswahili cha maandishi makubwa, inayoeleza maji, joto, kipimo, na kwamba kikombe husafishika kwa urahisi kuliko chupa. Najua hofu iliyopo, kwamba "elimu" ndiyo koti walilovaa wale wanawake wa sare nyeupe. Kwa hiyo mwalimu asilipwe na mwenye kopo, wala karatasi isichapishwe naye.

Nilikwenda kumwona jirani yangu baadaye. Yeye alikuwa kazini, mtoto ameachwa na bibi yake, miwani ya bibi imevunjika mkono mmoja. Tukaketi kibarazani nikamsomea kopo lote, neno kwa neno. Nilipofika kwenye kipimo, kijiko kilichokatwa juu, akanisimamisha, akanyanyua kile kijiko cha plastiki, unga umejaa kama kichuguu.

"Kwani kinakatwa juu?"

Ilikuwa siku ya tisa ya kopo.