Saa moja kabla ya dabi, kwa anayeitazama kutoka ng'ambo

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Novemba 5, 2023, saa za Marekani zilirudishwa nyuma kwa saa moja, kama inavyofanyika kila mwaka msimu huo. Mimi huku Houston nilisahau. Hesabu yangu ilikuwa ya siku zote: Dar es Salaam wako mbele yetu kwa saa nane, dabi ya Kariakoo, ya Simba na Yanga, inaanza saa 11 jioni, kwangu ni saa 3 asubuhi. Nikiamka saa 2 nakuwa na saa nzima ya kipindi cha maandalizi kabla filimbi haijalia. Nikaamka saa 2, nikafungua, nikakuta mpira umeshawekwa kati. Dakika ya tatu Kennedy Musonda wa Yanga akafunga. Dakika ya tisa Kibu Denis wa Simba akasawazisha.

Mimi ni Mwananchi, yaani mtu wa Yanga, tangu utotoni, na siku ile tulimfunga Mnyama, yaani Simba, 5-1. Ni matokeo ambayo mtu wa Yanga atawasimulia wajukuu. Lakini kipindi cha kwanza chote nilikitazama kwa ubaridi nisioutegemea, kama mtu aliyefika harusini wali ukiwa umeshapakuliwa: chakula kipo, ila hukusikia vigelegele bibi harusi akiingia. Ile saa moja ya studio, ya mahojiano nje ya lango, ya kamera kupita kwenye jukwaa la kijani na la nyekundu, ndiyo niliyoikosa, na mabao sita hayakuifidia.

Kaka yangu anaishi Temeke, si mbali na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Yeye huwasha televisheni timu zikiwa zinatoka kwenye vyumba. Nilipomweleza nilichokosa alinijibu, "Mdogo wangu, hukukosa kitu. Watu watatu wamevaa suti wanarudia maneno ya jana." Hoja zake si nyepesi, na nimezipima kwa muda mrefu.

La kwanza analosema ni kwamba kipindi kile kina uchambuzi mdogo na tambo nyingi. Utani wa jadi ni mtamu, lakini wasemaji wa klabu wanaweza kujaza dakika ishirini bila mtazamaji kujifunza kwa nini kocha amemuweka kiungo wa tatu. Kisha kuna matangazo ya kubashiri, ambayo yameshika kila pengo, na utabiri wa matokeo unaofuatana nayo. Kijana anayetafuta mkeka, yaani orodha ya mechi za kubashiri, anasikiliza mchambuzi kwa sikio tofauti na langu, na sioni kwamba ni jambo dogo. La tatu ndilo linaloniuma zaidi: saa zote hizo zinatumika kwa timu mbili. Ligi Kuu ina timu 16. Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa mwaka 1988, hawapati hata robo ya maandalizi ya aina hii wanapocheza. Mshabiki wa ng'ambo, anayefungua mara mbili kwa msimu kwa ajili ya dabi, anaishia kuamini kwamba soka la Tanzania ni Jangwani na Msimbazi tu, yaani Yanga na Simba.

Hilo la tatu ninalikubali, na nimeanza kujirekebisha. Hayo mengine mawili nayakubali nusu.

Kaka yangu haoni faida ya kipindi kwa sababu kile kinachoonyeshwa studioni anacho mlangoni. Siku ya dabi akitoka nje anapishana na bodaboda zenye bendera, muuza kahawa amevaa jezi, wazee barazani wameshaanza kubishana kuhusu 1968 na 1977. Kwake maandalizi yalianza Jumatatu. Mimi wiki ya dabi ninaimaliza bila kukutana na mtu hata mmoja anayejua kwamba kuna dabi. Ofisini hakuna wa kumtania. Huwezi kuingia kwenye mechi ile ukitokea kwenye ukimya wa namna hiyo na ukaihisi tangu dakika ya kwanza. Moyo unahitaji kupashwa moto kama misuli ya wachezaji. Kwa hiyo saa moja ya televisheni inanifanyia kazi ambayo mtaa unamfanyia yeye kwa siku sita.

Na nikiwa mkweli, uchambuzi wa kiufundi si kitu ninachokifuata pale. Kikosi kinachoanza nakipata kwenye simu. Takwimu zipo. Ninachokifuata ni sauti. Ni yule mama wa makamo aliyefunga kanga ya rangi ya timu yake, anaulizwa mechi itaishaje, anajibu kwa wimbo. Ni lafudhi ya Mbagala na ya Tanga ndani ya dakika moja. Ni picha za kale za magoli zinazorudishwa kila mwaka: Yanga 5-0 mwaka 1968, Simba 6-0 mwaka 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu. Marehemu baba alinisimulia yote mawili, lile la pili kwa huzuni, na kila yanapotajwa studioni nasikia namna yeye alivyokuwa akiyataja.

Hata hizo tambo, basi, kwangu zina kazi. Mtanzania aliyeko Muscat, ambaye tofauti yake ya saa na Dar ni moja tu, pengine anaweza kukusanyika na wenzake wakataniana wenyewe. Aliyeko mji usio na Mtanzania mwingine hana wa kumtania isipokuwa yule msemaji kwenye kioo. Namjibu kwa sauti, peke yangu jikoni, na chai inachemka.

Ila mahali ambapo sikubaliani na walio upande wangu, wanaosema kipindi kiachwe kiwe burudani tupu, ni pale mechi yenyewe inapokuwa mashakani. Imetokea mara mbili ndani ya miaka minne. Mei 8, 2021 muda wa kuanza ulisogezwa siku hiyohiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa muda wa awali wakaondoka, Simba wakafika kwa muda mpya, na mpira haukuchezwa. Machi 8, 2025 Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kabla ya mechi, wakatangaza hawatacheza, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile, na Yanga wakapeleka timu uwanjani hata hivyo.

Siku kama hizo, swali la nani ataanza mbele halina maana. Mtazamaji anahitaji mtu wa kumfungulia kanuni na kumsomea: mgeni ana haki gani ya kuutumia uwanja kabla ya mechi, nani ana mamlaka ya kuahirisha, kwa taarifa ya muda gani. Mkaazi wa Dar anaweza kupiga simu kwa rafiki aliyeko langoni. Wa mbali anayo studio tu. Haki za matangazo ya ligi zilizosainiwa mwaka 2021 kwa miaka kumi zina thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Kwa fedha hizo, nadhani tuna haki ya kudai kwamba kwenye meza ile, pamoja na wachezaji wa zamani, akae na mtu anayezijua kanuni kwa vifungu, na apewe nafasi ya kusema jambo ambalo klabu hazitalipenda. Furaha yangu haitapungua. Tambo zina ladha pale tu ninapoamini kwamba kuna mechi mwisho wake.

Dabi ile ya Machi ilikuja kuchezwa Jumatano, Juni 25, 2025, siku ya mwisho ya ligi, na ubingwa ukiwa bado haujaamuliwa. Kwangu ilikuwa asubuhi ya kazi, na zamu yangu ilianza karibu sawa na mpira. Ningeweza kuomba kuchelewa, nikaangalia angalau kipindi cha kwanza na kuacha maandalizi. Nilifanya kinyume. Niliamka mapema, nikakaa na studio saa nzima, nikaona mabasi yakiingia, nikamsikia mzee mmoja langoni akisema amekuja tangu asubuhi na hakula. Timu zilipopanga mstari nikazima, nikaingia kazini. Wakati wa mapumziko ya kazini kaka alikuwa ameshanitumia ujumbe wa tarakimu mbili: 2-0. Nikampigia, nikamuuliza yule mzee wa langoni alionekana tena baada ya mechi. Akasema yeye hakumuona hata kabla.