Kiwanda cha Dawa Hakiajiri Bila Oda

Machi 2022, kampuni ya Moderna ya Marekani ilikubaliana na Serikali ya Kenya kujenga kiwanda cha chanjo kwa uwekezaji wa hadi dola milioni 500. Aprili 2024 mradi ukasitishwa, kampuni ikieleza kwamba mahitaji ya chanjo ya UVIKO-19 barani Afrika yameporomoka na kwamba haijapata oda kutoka huku tangu 2022. Lawama nyingi zilimwangukia mwekezaji. Mimi nadhani tumekosea mlengwa, kwa kuwa hakuna mtu atakayeajiri wakemia watengeneze bidhaa isiyo na mnunuzi.

Tazama Luzira, jijini Kampala. Kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa ubia wa Waganda na kampuni ya Cipla ya India kilitengeneza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi na dawa mseto za malaria, huku Serikali ya Uganda ikiwa mteja wake mkubwa. Cipla ilipouza hisa zake mwaka 2023, kiwanda kiliendelea kufanya kazi, maana ujuzi ulikuwa umekwisha kukaa mikononi mwa wenyeji.

Ujuzi huo hauonekani siku ya kukata utepe. Uko maabara, ambako vidonge sita huzamishwa katika vyombo sita vya kimiminika kilichopashwa hadi nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu, kisha mkemia huchota sampuli kila baada ya dakika kadhaa kupima ni kiasi gani cha dawa kimeyeyuka. Kundi la vidonge lisilofaulu kipimo hicho halitoki kiwandani. Kijana aliyefanya kazi hiyo miaka mitano ana thamani kuliko ahadi ya mamia ya ajira, ambazo mara nyingi, tuseme ukweli, huwajumuisha walinzi na wapakiaji.

Sisemi kwamba Luzira imemaliza yote: sehemu kubwa ya viambato hai, yaani kemikali zinazotibu ndani ya kidonge, vinavyotumika katika viwanda vya ukanda huu bado huagizwa kutoka India na China, na utafiti wa kubuni dawa mpya ni haba. Lakini utafiti huo hauwezi kukua juu ya zabuni za mwaka mmoja mmoja. Kuchunguza uimara wa dawa moja tu, ikihifadhiwa kwenye joto la nyuzi 30 kama la maduka yetu, huchukua miezi mingi. Bohari zetu za dawa zingetoa mikataba ya miaka mitano, mwekezaji angekuwa na sababu ya kumlipa mtafiti muda wote huo.