Kitu cha 68 Kimeuzwa 40

Binti yangu Njeri yuko gredi ya nane. Shuleni kwao siku hizi hakuna nambari moja wala mkia. Mtoto ama amezidi matarajio, ama ameyafikia, ama anayakaribia, ama yuko chini yake. Jumapili iliyopita alichukua simu yangu kwa kisingizio cha kazi ya shule, akaingia kwenye potali ya chuo (nywila anaijua, ni jina lake), akasoma matokeo ya babake mzazi kutoka juu hadi chini kama anayesoma matangazo ya kanisa. Kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "wewe unakaribia matarajio."

Mama Njeri alicheka hadi akaweka sufuria chini.

Nina miaka 43. Mchana nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi, ile wazee wa kazi bado wanaiita Grogan, na jioni ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, shahada ya biashara, saa kumi na moja unusu hadi saa mbili unusu, na grisi bado iko chini ya kucha. C plus yangu ya kidato cha nne, mwaka 2001, ililala kwenye faili miaka mingi nikitafuta karo ya watu wengine. Darasani wananiita Mzee. Hata mwalimu mmoja aliwahi kuniita Mzee, akashtuka, akajikohoza.

Sasa nisikilize vizuri, maana nyumbani hakuna anayenisikiliza. Sikuanguka mtihani. Sijawahi kuanguka. Mimi niliugua matubwitubwi.

Ndiyo, cheka. Njeri mwenyewe ndiye aliyeyaleta kutoka shuleni, yeye yakamshika siku nne akapona akaenda kuruka kamba. Mimi yakanishika siku mbili kabla ya mtihani wa Takwimu, muhula wa pili mwaka wa tatu, mashavu yakafura nikawa kama mtu anayepuliza tarumbeta ambayo haiishi. Jirani mmoja kutoka Kakamega alinishauri nitafute mti niuzunguke ugonjwa ubaki hapo. Umoja, mtaa ninaoishi, hakuna mti, kuna nguzo za stima, na nguzo yenyewe ina waya zinaning'inia. Nikalala nyumbani nikinywa uji kwa mrija.

Nikiwa hapo kitandani nikafanya kosa la maisha yangu. Badala ya kuuliza chuo, nilimuuliza Wakili.

Wakili si wakili. Ni kijana wa darasani wa miaka 23 tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuna jambo asiloweza kulitetea. Nilimpigia, nikazungumza kwa shida kwa sababu mdomo haukuwa ukifunguka, akanijibu bila hata kufikiri: "Mzee, usihangaike. Pona kwanza. Utafanya sapu."

Nikamshukuru. Nikamtumia hata mia mbili za chai.

Kwa asiyejua mambo ya chuo, wacha nikueleze kama ninavyoeleza tofauti ya bushi na boljointi, kwa sababu na mimi nimezielewa juzi tu. Sapu ni mtihani wa aliyeanguka. Kwetu ukipata chini ya 40 umeanguka, unarudia huo mtihani, na hata ukiandika maajabu, hata mwalimu akalia machozi akisahihisha, kwenye karatasi utaandikiwa 40. Basi. Ritek ni pale hata sapu imekushinda, unarudi kukaa darasani na wadogo zako na unalipia yuniti, yaani somo hilo, upya. Halafu kuna kitu kinaitwa speshali. Hiyo ni ya mtu ambaye hakufanya mtihani kwa sababu inayoeleweka: ameugua, amefiwa, mambo kama hayo. Anafanya baadaye, na alama anazopata ndizo anazoandikiwa, zote, bila kukatwa.

Mimi neno speshali nilikuwa nimelisikia, sikatai. Nilidhani ni kitu cha watoto wa wakubwa.

Basi nikasajili sapu. Nilijiandaa kwa hiyo Takwimu kama mtu anayeenda vitani, nikiwa dukani napiga hesabu za mchepuko nyuma ya risiti za wateja. Kwenye majaribio ya katikati ya muhula, ile tunaita CAT, tayari nilikuwa na 24 kati ya 30. Kwenye sapu yenyewe mwalimu wa somo, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliniita akanionyesha karatasi: 44 kati ya 70. Jumlisha. Ni 68. Aliniambia pongezi, Mzee. Nilirudi Umoja nikinyoosha shati.

Potali ikaandika 40, na kanyota kadogo pembeni. Nikadhani kanyota ni kasifa.

Mwaka mzima nimeishi na hiyo nyota. Niligundua nilichofanyiwa mwezi huu, alama za yuniti zote arobaini zilipokamilika, nikakaa nazo dukani na kikokotoo tunachotumia kupiga bei. Wastani wangu ni 59.4. Daraja la pili la juu linaanzia 60. Nikarudia nikidhani nimebonyeza vibaya. 59.4. Nikaweka 68 mahali pa 40, ile 68 ambayo karatasi iliandikwa kwa kalamu nyekundu mbele ya macho yangu. 60.1.

Sasa niambie, mimi dukani nikichukua kitu cha 68 nikakiuza 40, bosi atanifanya nini? Na mteja mwenyewe hakuomba kupunguziwa!

Usiniulize nina haja gani na daraja la juu nikiwa na umri huu. Nilishamwambia shemeji. Nilimwambia kwenye ruracio, sherehe ya mahari, mbele ya watu, nimeshika sahani ya nyama. Shemeji yangu ana la chini, na ameliongelea tangu mwaka 2009.

Nikaamua kutafuta mshauri wa masomo. Kila mwanafunzi anaye, ati. Orodha ilibandikwa kwenye notisi bodi tangu mwaka wa kwanza, nambari za usajili upande huu, jina la mshauri upande ule, na chini yake: anapatikana Jumanne, saa nne hadi saa sita asubuhi. Haya. Sisi wa jioni, saa nne asubuhi Jumanne tuko wapi? Tuko kazini tunatafuta hiyo karo! Ni kama kumfungulia popo hoteli ya mchana. Ndiyo maana miaka minne mshauri wangu amekuwa Wakili, ambaye saa zake za kazi ni zozote na ada yake ni chapo dondo, chapati na maharagwe.

Jumanne ile bosi alinituma nipeleke shoki ya nyuma ya gari kwa makanika mmoja Ngara. Nikasema nitapitia chuoni, dakika kumi. Soja wa getini aliikagua ile shoki kwa muda mrefu, akaigeuza, akaipima uzito, akaniuliza, "Mkubwa, hii inaingia kufanya nini?" Nikamwambia tunaenda kushauriwa. Akatupisha.

Kwenye ofisi nilimkuta kijana. Kijana kabisa, shingo nyembamba, nyuma yake karatasi za mitihani zimepangwa hadi dirishani. Akasimama kwa heshima.

"Karibu, mzee. Mtoto wako ni nani?"

Nikamwambia ni mimi mwenyewe.

Akaketi. Nami nikaketi, shoki mapajani kama mtoto aliyepelekwa kliniki. Nikamweleza yote, mashavu, uji, Wakili, sapu, nyota. Alisikiliza vizuri, siwezi kumsema vibaya. Alipoona nimemaliza akauliza swali moja tu: "Ulisoma mwongozo?"

"Mwongozo gani?"

"Kitabu cha bluu. Mlipewa wiki ya kwanza."

Nikanyamaza. Kile kitabu nakijua kilipo. Kiko chini ya mguu wa friji, upande wa kushoto, tangu tulipohamia nyumba ya sasa, kwa sababu sakafu ya landilodi ina mteremko wake.

Akafungua chake, akanisomea. Mwanafunzi aliyeugua ataandikia mkuu wa kitivo, ataambatanisha barua ya daktari, ndani ya siku saba. Akaisoma polepole, bila kunicheka, nami nilitamani anicheke. Barua ya daktari ninayo! Ina muhuri! Nimeitunza kwenye droo pamoja na dhamana ya pasi ya nguo.

"Siku saba," akasema.

"Nilikuwa siwezi hata kufungua mdomo."

"Barua inaandikwa kwa mkono, mzee."

Akasema naweza bado kukata rufaa, iende kwenye kitivo, ikibidi ifike Seneti, lakini umepita mwaka. "Andika," akaniambia, "ila usikimbilie kununua suti." Nilimpenda kwa hilo. Nikamuuliza ana wanafunzi wangapi wa kushauri. Akasema orodha yake ina 160, na wanaokuja mlangoni kwa muhula hawafiki kumi, na hao kumi wanakuja kama mimi, maji yakiwa yameshamwagika na kukauka. Akatazama saa. Kisha akaitazama shoki.

"Hiyo ni ya gari gani?"

Probox, nikamwambia. Akasogeza kiti. Akanieleza kwamba ana Vitz, ikipita kwenye tuta mbele inalia kakakaka, na ikikata kona inanyamaza. Makanika amemwambia ni raki nzima ya usukani ibadilishwe. Nikamuuliza, inalia gari likiwa baridi au hata likiwa moto? Ukilitikisa likiwa limesimama linalia? Akajibu. Nikamwambia usibadilishe raki. Hizo ni linki, labda na bushi, na ukienda dukani beba ile ya zamani mkononi, uifananishe kabla hujatoa pesa, na kitu cha eksi-Japani kiangalie raba kama imepasuka, na risiti usiitupe, na uisome nyuma. Alikuwa anaandika! Daktari wa falsafa, anaandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa mtu. Tulimaliza saa sita na robo. Makanika wa Ngara alikuwa amenipigia mara saba.

Nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, tumekwama pale City Stadium kama kawaida, ndipo neno langu mwenyewe lilinirudi. Isome nyuma. Kwa sababu nyuma ya risiti zetu imeandikwa, kwa herufi ndogo, mimi ndiye niliyezipeleka kwa mchapishaji: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Na imebandikwa ukutani pia, juu ya kichwa changu, nyuma ya kalenda. Miaka kumi na moja nimesimama chini ya lile tangazo nikiwajibu watu wazima, wengine wenye machozi, "Imeandikwa, bosi. Hukusoma?" Na huwa nalisema nikitafuna njugu.

Usiku nikainua friji. Mama Njeri akashika upande mmoja bila kuuliza, ameshanizoea. Mwongozo una alama ya duara ya mguu wa friji kutoka jalada hadi ukurasa wa sitini na kitu, na kile kifungu cha siku saba kiko katikati ya duara kabisa, kimezungushiwa kama vile mtu alijua. Nimekisoma chote. Kuna mambo humo! Ati ukikosa theluthi moja ya vipindi wanaweza kukuzuia kufanya mtihani. Ati unaweza kuahirisha masomo mwaka mzima na nafasi yako ikakungoja. Mwaka wa pili, dukani mambo yalipokuwa mabaya, nililipa karo ya muhula kwa mkopo wa chama na riba juu, kwa sababu Wakili aliniambia ukiahirisha wanakufuta.

Nimeandika rufaa. Kurasa mbili, nakala tatu. Friji sasa imeinama kushoto, mlango unajifungua wenyewe saa nane za usiku, na Njeri anasema yuko tayari kuandika kwamba babake ameonyesha juhudi.

Jana asubuhi akaja dukani dereva mmoja mzee wa matatu, ameshika koili ya umeme imefungwa kwa gazeti. Alinunua kwangu wiki iliyopita. Akaiweka kwenye kaunta polepole.

"Kijana, hii haikuwasha gari. Naomba nirudishe."

Nikaangalia tarehe ya risiti. Siku tisa. Kijana wa duka tayari alikuwa anainua mkono kuonyesha ukutani, jinsi nilivyomfundisha. Nikamshusha mkono.

"Mzee," nikasema, "andika barua. Eleza kilichotokea. Uambatanishe na ya daktari."

Akanitazama, akaitazama koili.

"Daktari wa gari," akauliza, "ama wangu?"