Cheti cha polisi, fomu ya kurasa nne na mchoro wa safina

Kanisani kwetu hapa Nairobi lilisomwa tangazo mwaka jana kwamba kila anayejitolea na watoto, awe mwalimu wa sande skuli, awe wa kambi ya vijana, hata yule anayeendesha basi la kwaya ya watoto, alete cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi, na ajaze fomu ya kurasa nne. Watu walinuna! Kuna waliosema ni haki kabisa na imechelewa, na kuna waliouliza tangu lini mtu akachukuliwa alama za vidole ndio awasimulie watoto habari ya Daudi na Goliathi. Mimi nafundisha darasa la miaka saba hadi tisa kwa hivyo mambo haya yananigusa, na nakiri nimebadilisha msimamo kama mara tatu hivi.

Nianze na wanaotaka ukaguzi, manake hoja yao ni nzito kuliko vile sisi walimu tulikuwa tunaichukulia. Mama mmoja wa kamati alisimama akasema kila Jumapili anamwacha msichana wake masaa mawili na mtu ambaye hata jina lake la pili halijui, na huku fundi akija kurekebisha bomba pale anapoishi lazima aache kitambulisho kwa soja wa geti. Sikuwa na jibu. Kanisani mtu akija na Biblia na tabasamu, akijua kuomba vizuri, wiki ya tatu ameshapewa ufunguo wa stoo, na mwenye nia mbaya na watoto anajua hivyo kuliko sisi. Halafu tuko nchi iliyofukua miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja msitu wa Shakahola mwaka 2023. Najua ile ilikuwa habari tofauti, sio ya walimu wa kujitolea, lakini tangu siku hiyo ukimwambia Mkenya ati mambo ya kanisa yaachiwe kanisa anakuangalia tu.

Uingereza walishamaliza mjadala huu. Wana idara ya serikali ya kukagua rekodi za uhalifu, DBS, iliyoanzishwa 2012, na anayejitolea na watoto akikaguliwa halipi ada ya serikali. Kwetu unaingia eCitizen, unalipa 1,050, unaprinti fomu ya C24, halafu unaenda kupanga foleni Huduma Centre au makao makuu ya DCI Kiambu Road, unabonyezwa kidole kimoja kimoja, vyote kumi. 1,050 kwa mtu wa mshahara si kitu, lakini nusu ya walimu wetu ni vijana waliomaliza chuo wanatafuta kazi na akina mama wa kibanda, na cheti kikipitisha mwaka kinahesabiwa kimezeeka. Nilipiga hesabu: walimu 30 mara 1,050 ni 31,500. Kanisa ambalo limebadilisha spika mara mbili ndani ya miaka mitatu haliwezi kuniambia hiyo haipo.

Lakini pesa sio kiini. Shida yangu na cheti ni kwamba kinajibu swali dogo sana, yaani kama vidole vyako vinalingana na vya mtu mwenye rekodi ya uhalifu, basi. Hakijui yule aliyeambiwa polepole na wazee wa kanisa fulani "ndugu, afadhali uhame" bila mtu yeyote kwenda polisi. Na hapa ndio huwa nawakumbusha watu habari ya John Smyth. Alikuwa wakili mkubwa Uingereza, akisaidia kuongoza kambi za kiangazi za vijana Wakristo, akawa anawachapa wavulana mpaka wanatoka damu. Viongozi wachache waliandikiwa ripoti ya ndani mwaka 1982, hawakuipeleka polisi. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi zake, na 1992 kijana wa miaka 16 akafa kambini kwake, kesi ikafunguliwa ikaanguka, yeye baadaye akaenda zake Afrika Kusini. Amekufa 2018 bila kuhukumiwa popote. Ripoti ya Makin ya Novemba 2024 ilihesabu waliodhulumiwa zaidi ya 100, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu kwa sababu yake. Sasa fikiria mtu kama huyo anatua Nairobi, anaenda kuwekwa vidole kumi, wiki chache baadaye anakuja kanisani na cheti kisafi kabisa kwa bahasha. Sisi hao tunampigia makofi.

Kuna kitu kingine hapa kwetu ambacho hakilipiwi hata shilingi. TSC, tume inayosajili walimu wa shule, huchapisha majina ya walimu waliofutwa kwenye rejista, na wengi wanafutwa kwa sababu ya kuwafuata wanafunzi kimapenzi. Kufutwa ni adhabu ya kinidhamu, sio lazima mtu awe amehukumiwa kortini, kwa hivyo anaweza kuwa na cheti safi cha DCI na jina lake liko kwenye orodha ya TSC. Orodha yenyewe ni ya umma, ukiisoma hujachungulia siri ya mtu. Kwenye kamati yetu hakuna aliyekuwa ameiangalia. Tulikuwa bize na fomu ya kurasa nne.

Sasa tuje kwa hiyo fomu, na hapa nahamia upande wa walionuna. Ukurasa wa kwanza ni sawa, jina, simu, umeabudu wapi kabla ya hapa. Wa pili ndio unaanza kuuliza umeoa ama umeolewa, ni ndoa ya kanisani ama mnakaa tu, kama mmeachana eleza kwa nini, una watoto wangapi na majina yao. Wa tatu unauliza magonjwa "ya kudumu". Nikauliza mzee mmoja hayo ya ndoa yanamlinda mtoto gani, akaniambia "mwalimu lazima awe kielelezo". Haya, hilo ni jambo la maadili ya kanisa, mkitaka mlijadili mezani na mtu, lakini msilivalishe nguo ya ulinzi wa watoto. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hali ya ndoa, afya, na majina ya watoto wako ni data nyeti. Sheria haikuwafunga makanisa mikono, kifungu cha 45 kinaruhusu shirika la kidini kushughulikia data nyeti za watu wake kwa kazi zake halali, mradi liweke ulinzi na zisitoke nje bila ridhaa ya mwenyewe. Na mwenyewe ana haki ya kuambiwa zinatumika kwa nini, kuziona, na kuomba zirekebishwe. Ofisi ya Kamishna wa Data haichezi, mwaka 2023 ilipiga shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya milioni nne kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Ukaguzi wetu wote ulikusudiwa kulinda watoto hao hao, na picha zao tunapost kila Jumapili jioni.

Nikiulizwa ningefanya nini, cheti ningekiacha, kanisa lilipe, mtu akionyeshe, iandikwe tarehe na "kimeonekana" na arudi nacho nyumbani, hakuna haja ya kopi. Ukurasa wa pili na wa tatu ningechana. Nguvu yote ingeenda kwa vitu viwili: hakuna mtu mzima peke yake na watoto, kila darasa wawili na mlango wazi, na simu moja kwa kanisa alikotoka mtu na swali moja tu, mngemrudisha afundishe watoto wenu? Hiyo simu najua ndio inaingilia faragha kuliko kitu chochote nilichotaja. Cheti angalau ni korti iliyosema, simu ni maneno ya watu, na sisi tunajua kanisani mtu anaweza kuchafuliwa jina kwa kugombania uenyekiti wa kwaya. Ukisema mhusika aambiwe alichosemewa ajitetee, aliyesema ataogopa, na kesho hasemi tena. Hapo sijapata dawa. Naegemea upande wa kupiga simu, mtu aambiwe mapema itapigwa na kwa nani, lakini naegemea tu, mwenye wazo bora alete.

Kilichonifanya niandike haya yote ni mchoro. Jumapili ya Pentekoste niliwapa watoto karatasi za upande mmoja zilizotumika, tunazipata ofisini kubana matumizi, wachore safina ya Nuhu. Msichana mmoja akaniletea yake, safina ya zambarau, twiga wawili shingo zimetoka dirishani. Nikaigeuza niandike jina lake nyuma nikakuta ukurasa wa pili wa fomu ya mwalimu mwenzangu wa darasa linalofuata, mwandiko wake, jibu la "eleza kwa nini" mistari sita. Sijui kopi ilitoka vipi kwa ofisi ikaingia kwa boksi la karatasi, na katibu pia hakujua.

Nilimpa mwalimu huyo mkononi baada ya ibada. Akasoma upande mmoja, akageuza akaangalia twiga, akaikunja ndogo sana akaiweka ndani ya Biblia. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine, na darasa lake likaunganishwa na langu. Sasa niko na watoto 41, peke yangu.