Mitumbwi 325 na Kisiwa Kisichovukika

Ukitaja vita vya majini katika maziwa yetu, watu hukimbilia Tanganyika ya Vita Vikuu vya Kwanza: Mimi na Toutou, boti za Waingereza, na Graf von Götzen, meli ya Wajerumani. Hadithi tamu, sikatai. Lakini kwa anayependa ufundi wa vyombo, Buvuma ya mwaka 1875, visiwani katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, ina mengi zaidi.

Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, alikuwa anawaandama Wavuma, wenyeji wa Buvuma, waliojichimbia katika kisiwa cha Ingira. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyekuwapo, alihesabu mitumbwi 325 upande wa Buganda; mkubwa kuliko yote alioupima ulikuwa na urefu wa futi 72. Kisiwa kilionekana wazi kutoka kambini, na bado jeshi halikuvuka.

Tuanze na chombo cha enzi hizo. Mkuku, yaani uti wa chini wa mtumbwi, ni gogo moja lililochongwa kwa tezo. Mbao za ubavuni hutobolewa kwa chuma cha moto, zikashonwa kwa nyuzi za mwale, mti wa jamii ya mitende, jinsi mtepe, chombo cha zamani cha Lamu, nao ulivyokuwa wa kushonwa, kisha matundu na mianya husindikwa nyuzinyuzi. Mabenchi ya wapiga kafi ndiyo yanayoshika ubavu huu na ule visiachane. Unapata chombo chepesi, chenye kasi, kinachokubali wimbi, ila kinavuja daima. Lazima mtu akumbe maji safari nzima. Kikilazwa majini mshono unaoza. Kikianikwa juani mbao zinakauka na mianya inapanuka. Kwa hiyo kundi linalongoja amri ufukweni hudhoofika hata kabla ya mkuki wa kwanza.

Hilo ni dogo, maana mafundi walikuwapo. Kubwa lilikuwa watu. Wapiga kafi walikuwa hasa Wasese, watu wa visiwa vya Ssese, na wapiganaji Waganda wa nchi kavu, wengi wasiojua kuogelea. Mvuma alipiga kafi na kupigana mwenyewe. Mtumbwi ukipinduka anaogelea. Sizipeleki lawama kwa Gabunga, mkuu wa mitumbwi. Aliyetumia manowari kama feri ni Kabaka.

Buvuma ilitiishwa 1893, Waganda walipokwenda na Waingereza na bunduki ya rashasha ya Maxim. Anayedhani meli za chuma zilimaliza udhaifu wote aitazame Sybil, meli ya Waingereza katika Ziwa Victoria: Novemba 1914 ilikwama mwambani upande wa Wajerumani, ikakaa huko hadi Waingereza walipokwenda kuinasua 1915. Mtumbwi uliopasuka ungebebwa mabegani hadi mchangani, ukafumuliwa ubao mmoja, ukashonwa mwingine.