Kamati ya ukoo, kabla hamjachapisha bango jingine nendeni semina

Nimeolewa. Nilikuwa sijui, nimekuja kujua Desemba kwenye mkutano wa ukoo nikiwa nimesimama na sahani yangu ya ndizi nyama mbele ya bango la mti wa ukoo. Bango la maana kabisa, limefunika ukuta mzima wa banda, kilele cha Kibo cha Kilimanjaro kwa nyuma, maandishi ya dhahabu, na kwenye kisanduku cha baba yangu kaka zangu wameandikwa majina matatu matatu kama kwenye cheti cha form four, halafu chini yao "Binti 3 (wameolewa)". Basi. Jina hakuna. Na kati ya hao binti watatu kuna mmoja hajaolewa, ndo huyu anayewaandikia hapa, kwa hiyo kama kuna mtu anamfahamu mume wangu naomba anirushie namba yake.

Nikaendelea kupanda juu. Babu, "Wake 2". Baba yake babu, "Wake 4". Mwanzilishi mwenyewe kazaliwa 1870 na mtoto wake wa kwanza kazaliwa 1879, aisee babu alianza mapema, na juu kabisa pameandikwa "Asili: Misri", hiyo nimeiacha maana siku hizi kila ukoo ukipata bango unatokea Misri. Ila hilo la wake limenikaa kooni mpaka leo. Ukoo wote ule, vizazi vyote vile, hakuna mwanamke hata mmoja mwenye jina, yaani kwa mujibu wa kamati sisi tumezaliwa na namba.

Nikamfuata baba mdogo ambaye ndo mwenyekiti. Shikamoo baba mdogo, marahaba mama, nikamuuliza majina ya bibi zetu yako wapi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Tuliyatafuta mama, hayakupatikana."

Hayakupatikana! Na dada yake babu, wa mwisho aliyebaki, amekaa pale pale chini ya migomba na kata yake ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, hakuna aliyemsogelea zaidi ya kumwamkia na kumpigisha picha. Nikavuta kigoda nikakaa naye. Kata haijafika nusu alishanitajia wale wake wote wanne, huyu alitoka ukoo gani, yule mahari yake ilipelekwa wapi na ng'ombe mmoja akafia njiani wakagombana mwaka mzima, wa tatu aliwahi kukimbilia kwao akarudishwa na wazee wenye masale mkononi, yale majani ya kuombea msamaha, wa nne alifia kwenye uzazi na mtoto wake akanyonyeshwa na mke wa pili. Mimi nilikuwa na simu, nikabonyeza kurekodi, nikataja tarehe na jina lake na mahali tulipo kabla hajaanza, na hicho kitu sikuzaliwa nacho, nilifundishwa kwenye semina ya kutafuta historia ya ukoo.

Sasa hapo ndo pa kugombana. Nililisema kwenye grupu la ukoo nikaambulia kimya na emoji moja ya mikono imekunjwa: kamati za ukoo ziende semina. Najua mnachosema, ukoo ni wetu, babu ni wetu, leo tukalipe hela tukafundishwe babu yetu na mtu mwenye projekta? Ndiyo. Kwa sababu kumjua babu na kujua kuuliza habari za babu ni vitu viwili, na hicho cha pili kamati zetu hazina kabisa, zina bajeti ya turubai na mziki na mbuzi.

Mimi nilikwenda moja hapa Dar, ukumbi wa hoteli, kiingilio cha kuuma. Na nisiwadanganye, asubuhi yote ilikuwa ya hovyo. Mtoa mada wa kwanza alitukalisha akituonyesha sensa ya Uingereza ya 1921, huko sensa wanaifungia miaka 100 ndo wanaifungua, sasa hiyo ilipofunguliwa 2022 watu wakawa wanaingia wanamkuta bibi yao nyumba kwa nyumba, umri, kazi, nani alilala pale usiku ule. Hongereni sana. Bibi yangu mimi mwaka huo alikuwa anakata majani ya ng'ombe mlimani na karani wa sensa hakupita. Halafu ikaja chai, halafu akaja muuzaji wa vipimo vya DNA, nikaanza kutafuta mlango.

Nashukuru sikuupata. Mchana alisimama mama mmoja mstaafu, hana slaidi, ana daftari la kaunta, akatupanga wawili wawili tuhojiane. Meza ya mbele kijana kapangwa na mzee wa Tanga, kijana anauliza "mzee wangu, baba yako alizaliwa mwaka gani?" mzee anasema hajui, kijana anaandika "haijulikani", kwisha habari. Yule mama akasogea akauliza hivi: "Babu, vita vya Mjerumani vilimkuta baba yako anachunga mbuzi au ameshaoa?" Mzee akacheka, akasema vilimkuta anachunga, ila kaka yake mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo hakurudi. Mnaona? Vita ile ni 1914 mpaka 1918, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa tumeshaukaribia, na juu yake amepatikana kaka ambaye dakika mbili nyuma hakuwepo duniani. Huku kwetu mlimani unauliza vivyo hivyo, Mangi Marealle aliposimikwa kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachagga, 1952, wewe ulikuwa shule au ulikuwa na mtoto mgongoni? Watu hawana tarehe lakini wanajua walikuwa wamesimama wapi.

Na hao waliobeba mizigo, hebu nipitie hapo kidogo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa kwenye vita ile na hawakuandikwa kwa majina, wengine hawakukumbukwa popote. Waliandikwa kwa jumla. Wapagazi kadhaa. Serikali ya Uingereza ikasimama bungeni ikaomba msamaha kwa hilo. Kamati yetu bado.

Turudi kwa wanawake, maana ndo hasa nilichokuja nacho. Yule mama wa daftari alisema ukimuuliza mzee wa kiume "mama yake babu aliitwa nani" mara nyingi hajui, hakuwahi kumwita kwa jina. Muulize mahari ilipokelewa na nani. Hapo anakumbuka! Mahari ilikuwa mali, na mali haisahauliki, atakwambia ukoo, atakwambia kijiji, atakwambia hata deni lililobaki, kisha ukishapata ukoo wa mama unawafuata wao huko, kwao yule hakuwa "mke wa tatu", kwao alikuwa mtoto wa watu mwenye jina. Na mashangazi waulize peke yao, wanaume wakiwa wameenda kuangalia mbuzi anachomwaje. Shangazi akikaa na kaka zake anajibu "kaka ndo anajua". Kaka akiondoka, jamani, kalamu yako itaisha wino.

Na nitawaambia kwa nini majina "hayakupatikana". Kihamba, lile shamba la migomba la kurithishana. Wake wanne ni nyumba nne, kila nyumba ina watoto wake na kipande chake, ukiandika majina ya wale mama ni lazima uchore mistari minne, na ukishachora hiyo mistari mtu yeyote mwenye macho ataona ule wa tatu umekatika. Bibi aliniambia huku anaangalia pembeni: mke wa tatu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, akaenda mkonge Tanga hakurudi, dada zake wakaolewa, kihamba kikachukuliwa na nyumba ya kwanza. Meza kuu yote siku ile ilikuwa nyumba ya kwanza. Na mimi ni nyumba ya kwanza, ndizi za kwenye sahani yangu kuna uwezekano mkubwa zimetoka hapo hapo. Kwa hiyo ndugu zangu msiniambie ni suala la nafasi kwenye bango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume, sasa unafikiri ni nani anataka kuona jina la bibi yake wa tatu limeandikwa kwa dhahabu, na wajukuu wa wale dada walioolewa wapo, wana simu, wanapiga picha?

Semina haitawapa moyo wa kuandika hilo, sawa nakubali. Lakini itawaondolea kisingizio.

Maana hata kama bibi yetu asingekuwepo, kuna vitabu. Hili nalo mstaafu wetu ndo alilifundisha na watu walikuwa wameshaanza kuangalia saa. Wakatoliki wako Kilema tangu miaka ya 1890, Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani walianza Machame 1893, na kote huko walipobatiza waliandika. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kina jina la mtoto, la baba, la MAMA, la msimamizi, na pembeni ya ukurasa mara nyingi wamerudi kuandika alipata kipaimara lini na alifunga ndoa na nani na wapi. Yaani ile taarifa ambayo kamati ya wasomi wenye shahada imeitafuta ikakosa, padre aliiandika kwa Kilatini akaenda kula chakula chake cha jioni. Tatizo ni kwamba padre aliandika alivyosikia, na masikio yake yalikuwa ya Ulaya, kwa hiyo jina la bibi yako usilitafute kwa herufi, lisome kwa sauti, mara mbili mara tatu, mpaka sikio lako lilitambue. Na mafaili ya enzi za Mjerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa pale Dar mengi yana ule mwandiko wao wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo unamshinda, unafundishwa, una madarasa yake, huwezi kuusoma kwa sababu tu wewe ni mjukuu.

Kuna kingine kinachofundishwa huko kinaonekana kidogo: kila jina liandikwe na aliyelisema. Nani kakwambia, lini, yeye alilipata kwa nani. Kama kamati yetu ingekuwa na hiyo tabia, 1870 na 1879 zisingekaa bango moja, mtu angeuliza hii namba kaleta nani, na yule aliyeileta Misri naye angesimama aonekane.

DNA siibezi moja kwa moja, ingawa yule muuzaji alinichosha. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin, ambayo yana mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyobebwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, yalitangaza kwamba vipimo vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu matatu, na ndugu hao ni Wachagga, watu wa huku huku kwetu. Nilipoisoma ile habari nilikaa kimya muda mrefu. Lakini angalieni, kati ya mafuvu yote hayo walianza na machache yaliyokuwa na maelezo, na huku mlimani kulikuwa na familia ambazo hazijaacha kutaja majina ya watu wao waliopotea. Usipojua unamtafuta nani, hicho kipimo kitakwambia wewe ni mtu wa Afrika Mashariki, na hilo mimi ningekwambia bure.

Halafu msinitolee hoja ya gharama. Lile kongamano kubwa la Marekani, RootsTech, la kutafuta historia za familia, linafanyika Salt Lake City, Utah, tangu 2011, na tangu 2021 unaweza kuingia bure kwa intaneti, mada nyingi zinabaki zimerekodiwa unaziangalia siku ukiwa na bando. Mengi ni ya kwao, tena mengi mno, meli zilizofika New York na mambo kama hayo, utaruka sana. Na ndiyo, FamilySearch wanaoliandaa ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho na wao wana sababu zao za kiimani za kutafuta wafu, kama linakusumbua chukua mbinu, imani waachie wenyewe. Tafuta mada za kuhoji wazee, tafuta za vitabu vya kanisa, tafuta za ndugu zetu Weusi wa Marekani wanaofuatilia bibi zao waliozaliwa utumwani, hao ndo walimu wangu mimi, maana nao walikuta bibi zao wameandikwa kwa umri na jinsia bila jina na hawakusema hayakupatikana.

Baba mdogo, najua unasoma hii, umeshatumiwa na watu wasiopungua watano. Kamati ina projekta ile ya harusi. Kipindi cha RootsTech cha saa nne asubuhi kule Utah kwetu kinaanguka saa mbili usiku, mkae pale kwako, bibi mumfuate na gari mapema, na mashangazi wawepo, na wakae mbele. Taarifa ya habari itarudiwa.