Korona, Mombasa na Zanzibar: tatizo halikuwa milango

Bado tunabishana Unguja na Pemba nani alipatia wakati wa korona: Kenya iliyofunga au Tanzania iliyoacha wazi. Virusi vilitufikia karibu pamoja. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Tanzania Bara tarehe 16, Zanzibar siku chache baadaye. Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake.

Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, na jioni hiyo hiyo polisi wakawapiga mabomu ya machozi abiria wa feri ya Likoni waliokuwa wakihangaika kuvuka kurudi makwao. Ugonjwa unaoenea kwa pumzi, halafu unawasonga watu pamoja na kuwakohoza! Mwezi Mei, Ramadhani ikiwa haijesha, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa, mji ambao familia nyingi za huku zina ndugu zao. Tarehe 16 Mei ukafungwa mpaka na Tanzania, isipokuwa kwa malori ya mizigo. Lakini kati ya Pemba na Shimoni, pwani ya Kenya, kuna mashua, na bahari haina geti.

Tanzania haikufunga misikiti wala makanisa. Zanzibar, iliyokuwa imezuia ndege za watalii tangu Machi, ilizipokea tena Juni. Wanaotulaumu kwa hilo nawaomba wapime vizuri. Utalii hutuingizia takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni. Mpishi wa hoteli Nungwi au papasi (mtembeza watalii wa mitaani) wa Paje akiambiwa akae nyumbani, nani angemlipa? Na watoto je? Skuli za Bara zilifunguliwa mwishoni mwa Juni 2020, ilhali Uganda haikuzifungua zote mpaka Januari 2022. Kwa hili mimi nasimama na waliofungua.

Siwezi kusimama nao kwenye kunyamaza.

Takwimu zetu ziligota Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na waziri wake, na mwanzoni ilitangaza wagonjwa wake yenyewe. Kwa nini nasi tukanyamaza? Wapo wanaojibu kwamba idadi zingewatisha wageni, na jibu hilo si la kupuuzwa, maana mwishoni mwa 2020 Warusi walijaa fukweni na watu wakapata riziki. Ila mhudumu aliyewahudumia hakuwa na namba hata moja ya kumsaidia kuamua kama aende kumwona bibi yake mwenye kisukari au asiende.

Jirani naye alibaki kukisia. Kenya iliporuhusu tena ndege za kimataifa tarehe 1 Agosti 2020, Tanzania haikuwemo katika orodha ya nchi zilizoruhusiwa. Nasi tukaizuia Kenya Airways kutua. Ugomvi ule ulikwisha Septemba, lakini naamini usingefika huko kama wataalamu wa pande mbili wangekuwa na hesabu ya pamoja mezani. Kenya ilisoma idadi zake kila siku, na kwa hilo inastahili sifa hata kama virungu vyake havistahili.

Mwishoni mwa Januari 2021 ikatangazwa kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Alifariki tarehe 17 Februari, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Siku zile misiba mingine ilisemwa kuwa ni nimonia tu. Ule ukweli kuhusu mtu mzito kiasi kile ulikuwa huduma kwa umma, na naamini uliokoa watu. Rais Samia alipoingia madarakani Machi aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai alichanjwa hadharani.

Je, tumejifunza? Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya ugonjwa hatari wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, wizara ikajibu kwamba sampuli hazikuonesha ugonjwa, na tarehe 20 Rais mwenyewe akathibitisha kuwa upo. Safari hii ukimya ulihesabika kwa siku badala ya miezi. Kwa Rwanda, Burundi na Uganda zinazopakana na mkoa ule, hata siku hizo chache zilikuwa nyingi.